Kichwa cha Kenge

Saa nane mchana, siku mbili kabla ya Krismasi, Tahlia alizunguka nyuma ya jiko la pamoja katika kambi ya Bonde la Kenge kwenda kuchukua kichwa, akakuta msumari mtupu.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha Gazza, kenge aliyekuwa nembo ya bustani ya michezo iliyopakana na kambi: sponji na kitambaa, ukubwa wa beseni la kufulia, macho ya njano na ulimi unaoning'inia. Kila alipomaliza kukumbatiana na watoto, Tahlia alikivua na kukitundika pale kwenye upepo kikauke jasho. Saa kumi na mbili jioni kulikuwa na gwaride la Krismasi. Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo, lakini katika msafara huu mamba hawakuwamo kabisa. Kenge ndiye aliyekuwa mfalme. Na mfalme bila kichwa haendi mbele ya watoto wa wenyewe.

Tahlia alitafuta kwenye mapipa ya taka, akatafuta chini ya meza, kisha akaenda kumwambia meneja.

Noeline Pratley hakuyajua hayo. Wakati huo alikuwa chini ya reli ya gari la kupinduka, lile la bustanini linalopanda na kushuka kwa kasi, amekumbatia mikoba na miwani ya watu, anawasubiri binti yake Janelle na mjukuu wake Mele washuke. Noeline alikuwa mpelelezi wa polisi ya Queensland, Australia, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kustaafu hakukumpunguzia kitu isipokuwa mshahara. Walirudi kiwanja namba kumi na nne saa nane na nusu. Mbele ya karavani yao kulikuwa na kibaraza cha turubai, na mbele ya kibaraza kandambili za bluu zilizokuwa zimepangwa mlangoni tangu walipoondoka saa saba, maana kwenye magari yale ya kupinduka huruhusiwi kupanda na kandambili. Zitaruka zikamtoboe mtu jicho.

Janelle alivua raba, akavaa kandambili, akapiga hatua mbili.

"Aa, hizi nazo zimekuwaje? Zinanibana."

"Miguu imevimba na joto," alisema Noeline. "Ukifika umri wangu utazoea."

"Sijafika umri wako, Mama, na sina haraka."

Hapo ndipo Darryl Quilty, meneja wa kambi, alipotokea na wafanyakazi wawili. Alikuwa mwekundu usoni. Aliomba samahani, akasema wanakagua viwanja vyote, akaingia kibarazani. Hawakukagua sana. Walikwenda moja kwa moja kwenye kona, wakafunua turubai la kijani la Semisi, na jicho la njano la Gazza likawatazama wote.

Mele alipiga kelele za furaha. Mtu mwingine hakupiga.

"Hii ni nini, Semisi?" aliuliza Quilty.

Semisi Vaipulu, mume wa Janelle, alikuwa amesimama mlangoni, mtu mpana aliyelazimika kuinama ili aingie. Alikitazama kile kichwa kwa muda.

"Kenge," alijibu.

"Usinifanyie mzaha, ndugu yangu. Kuna mtu amekuona umebeba kitu kwenye turubai hilo hilo ukitokea upande wa jikoni. Saa saba na nusu."

"Si mimi."

"Basi ulikuwa wapi saa saba na nusu?"

Semisi alinyamaza. Janelle alimtazama mumewe, akasubiri jibu. Quilty alishusha pumzi.

"Noeline, unajua ninavyokuheshimu. Lakini kanuni ni kanuni. Mwizi haombewi. Kesho saa nne asubuhi kiwanja kiwe kitupu, na jina linafutwa."

Kufutwa jina halikuwa jambo dogo. Katika Bonde la Kenge, familia iliyokuja mwaka huu ndiyo yenye haki ya kwanza ya kiwanja kile kile mwakani, na watu walirithishana viwanja kama mashamba. Namba kumi na nne ilikuwa na kivuli cha mti mkubwa, puto la kurukia watoto lilionekana kutoka kitandani, na mlango wa mabafu ulikuwa pale pale, ukipiga chafya unaambiwa pole kutoka ndani. Merv, marehemu mume wa Noeline, ndiye aliyekipata, mwaka aliozaliwa Janelle. Alifia hapo hapo pia, moyo ulisimama akiwa kwenye kiti cha turubai na gazeti kifuani.

"Nipe mpaka saa kumi na mbili," alisema Noeline.

"Afande, umestaafu."

"Ndiyo maana nina nafasi. Kichwa umekipata, gwaride lako lipo. Nipe mpaka saa kumi na mbili."

Quilty aliikuna shingo, akakubali.

Noeline alianza na mkwe wake. Alimwita nyuma ya karavani, mbali na masikio ya Mele.

"Nisikilize. Kati ya saa saba na saa nane sisi tulikuwa kwenye magari. Wewe ulisema una kazi ndogo. Kazi gani?"

"Ya mtu, Mama. Si yangu kuisema."

"Ya mtu gani?"

"Nikikwambia mtu gani, nitakuwa nimeisema."

"Semisi, wanataka kutufukuza. Mwanao atakuwa mtoto wa mwizi."

"Najua." Alitazama chini. "Mimi sikukichukua. Ukitaka niape kwa Biblia, iko ndani."

Noeline alikuwa amesikia viapo vingi maishani, na vingine vilikuwa vizuri kuliko hicho. Alimkagua kama alivyozoea kuwakagua watu: kaptura imelowa mpaka mapajani, fulana imelowa kifuani, nywele kavu. Na alinukia sabuni, ile ya dawa, ya hospitali. Mtu anayejikosha hulowa nywele. Alilihifadhi hilo, lakini halikumpoza moyo. Miaka kumi na moja alikuwa hamwamini huyu kijana wa Kitonga, wa visiwani Pasifiki. Sababu? Kimya chake, zile kazi za kubadilisha badilisha, na michango ya kanisa na ya ndugu isiyokwisha. Sasa alihisi kitu cha aibu, nacho ni kuridhika. Nilijua tu, moyo ulimwambia. Akaukemea, kwa sababu mpelelezi anayejua tu ni mpelelezi mbaya.

Alimkuta Tahlia chumba cha huduma ya kwanza, miguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Unalipenda lile vazi?"

"Bibi, nimesomea maigizo miaka mitatu. Nikafikiri nitacheza malkia. Sasa nacheza kenge kwenye joto la jehanamu, watoto wananivuta mkia. Nalichukia mpaka basi."

"Kwa hiyo kikipotea, wewe hupotezi kitu."

"Napoteza kibarua! Isitoshe nilikuwa hapa. Nilizimia mwisho wa onyesho, muulize muuguzi. Nilikitundika saa saba kasorobo, nikaja hapa nikitambaa, sijatoka mpaka saa nane."

Muuguzi, akiwa mezani kwake, alitikisa kichwa kukubali. Noeline aliyatazama mabuti ya Tahlia pembeni ya ndoo, yale mabuti meusi ya kamba ambayo kila mfanyakazi wa bustani lazima avae.

"Yanachukua muda kuyavua?"

"Karne nzima. Kwa nini?"

"Basi tu."

Akateremka mpaka kiwanja namba thelathini na moja, chini kabisa karibu na uzio, kupitia kile kinjia cha changarawe chenye mteremko. Hapo ndipo walipokaa Glenys na Ross Hallam, na Glenys ndiye aliyekuwa shahidi wa Quilty. Kusema kweli, alikuwa pia rafiki wa Noeline kuliko wote. Kila Krismasi walicheza karata pamoja kibarazani kwa akina Noeline, wakinywa chai na kuwasengenya walioko na wasiokuwako. Mwaka huu Glenys alikuja kwenye karata peke yake. Ross alipatwa na kiharusi majira ya baridi, mguu wa kushoto ukawa mzito, na alitembea kwa fremu ya magurudumu.

"Amelala," alinong'ona Glenys akionyesha karavani. "Akitoka kuoga hulala kama mtoto. Keti, mwenzangu. Ee jamani, nimejisikia vibaya! Ningejua Darryl atafanya vile ningefunga mdomo wangu."

"Ulimwona Semisi?"

"Kwa macho haya. Nilikuwa nimejilaza, nachungulia dirishani. Saa saba na nusu, ametoka upande wa jikoni, turubai la kijani mabegani. Nikasema labda ni magimbi yake ya Krismasi."

"Uso uliuona?"

"Mwili ule unahitaji uso?" Glenys alimshika mkono. "Hukosei, mwenzangu, wala si aibu yako. Umevumilia sana."

"Leo umefika kwetu?"

"Leo? Wala. Sijakanyaga. Nimeshinda hapa na huyu mgonjwa wangu."

Akainuka kumimina chai. Noeline aliinywa, akashukuru, akapanda tena kile kinjia. Njiani moyo ulikuwa mzito, maana shahidi alikuwa mzuri na mkwe alikuwa bubu.

Saa kumi na dakika arobaini alikuwa ameketi mbele ya kibaraza, anautazama mlango kana kwamba utazungumza. Janelle alitoka, macho mekundu, akavuta kandambili kwa vidole, akazirusha.

"Hizi si zangu! Nimesema zinanibana. Na hazina doa."

"Doa gani?"

"Mele katupaka rangi ya kucha leo baada ya chakula, doa jekundu kwenye kisigino cha kandambili za kila mtu, tusigombanie. Zangu, zako, za baba yake, zote. Muulize."

"Nyekundu, Bibi," alisema Mele kutoka ndani, "kwa sababu mlinunua zote bluu kama watu wasio na akili."

Noeline aliziokota. Kweli, hazikuwa na doa. Akaziweka magotini, na hapo akaliona jambo ambalo alilikanyaga mchana kutwa.

Kwa akina Vaipulu viatu huachwa nje. Semisi alitandika kibaraza kwa mkeka wa bibi yake aliyeko Tonga, na hata Noeline mwenyewe, aliyenuna miaka miwili ya kwanza, sasa alivua bila kufikiri. Aliyekileta kichwa alikuwa na haraka, alikuwa na hofu, na bado alivua kandambili mlangoni kabla ya kuingia kutenda uovu wake. Mwizi wa nje asingevua. Mfanyakazi mwenye mabuti ya kamba asingevua. Huyu alivua kwa mazoea ya heshima, na alipotoka mbio akatumbukiza miguu kwenye jozi ya mwenzake. Na jozi zilibadilishwa kati ya saa saba, walipoondoka, na saa nane na nusu, Janelle alipoambiwa miguu imevimba.

Si mgeni, basi. Ni mtu aliyefundishwa kuvua pale. Na mtu huyo, ukiondoa familia na Ross asiyeweza kukimbia, alikuwa mmoja tu.

Noeline hakufurahi hata kidogo. Alibeba zile kandambili, akaenda kumwita Quilty, akampitia Semisi, akawaambia wote wawili waje kunywa chai namba thelathini na moja.

Ross alikuwa ameamka, ameketi nje, fremu yake mbele. Glenys aliwaona watatu wanashuka mteremko, akaweka birika chini.

"Glenys," alisema Noeline, "naomba uinue mguu mmoja."

"Umechanganyikiwa?"

"Kisigino tu. Nioneshe kandambili."

Glenys hakuinua. Lakini alirudi nyuma hatua moja, na mtu akirudi nyuma kisigino cha kandambili hubaki wazi. Doa jekundu lilikuwa pale, linang'aa kama tone la damu ya kuku.

"Hilo doa kapaka Mele leo baada ya chakula," Noeline alimwambia Quilty. "Ni za Janelle. Saa saba tumeziacha mlangoni. Hizi hapa ni za Glenys, zilizobaki mahali pake. Tulinunua siku moja, lundo moja. Naye kaniambia leo hajakanyaga kwetu."

"Labda zilibadilishana jana..." alianza Glenys.

"Jana hazikuwa na doa."

Quilty alimtazama mama yule aliyemjua kwa keki zake za matunda. "Glenys? Ulikibebaje?"

Inzi walizunguka sukari. Hatimaye Glenys aliketi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Kwenye kapu la nguo chafu. Nani anamwangalia bibi kizee na kapu la nguo?"

"Kwa ajili ya nini?" aliuliza Noeline. "Krismasi ngapi tumekaa pamoja?"

"Kwa ajili ya kiwanja. Namba kumi na nne." Alimwonyesha Ross kwa kidevu. "Mwangalie. Kutoka hapa mpaka mabafuni ni changarawe na mlima. Hataki nimwogeshe, hataki nimsindikize, anasema yeye bado mwanaume. Kila siku saa saba anaondoka na hiyo fremu yake, na mimi nalala hapo nimeuma mto, nangoja nisikie ameanguka. Nimemwomba Darryl kiwanja cha juu mara tatu. Anasema mpaka mtu aondoke."

"Ungeniomba mimi!"

"Kiwanja cha Merv? Unamwekea kiti chake kila Krismasi, mwenzangu. Nani angethubutu?" Glenys alifuta uso na aproni. "Nikajua mkifutwa, mimi ndiye ninayefuata kwenye foleni."

"Na Semisi? Alikukosea nini?"

Glenys alimtazama Noeline machoni kwa mara ya kwanza.

"Hakunikosea kitu. Lakini nilijua wewe utaamini. Miaka kumi na moja, kila karata unayoitupa unanieleza huyu mtu si wa kuaminika. Nilifikiri hata hutauliza maswali."

Semisi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya Noeline. Noeline hakuthubutu kugeuka kumtazama.

Aliyesema baada ya hapo alikuwa Ross. Ulimi wake tangu kiharusi ulikuwa mzito, na alilazimika kuliokota kila neno.

"Saa saba... na nusu?"

"Nyamaza, mpenzi, usijichoshe."

"Wewe umesema... umemwona saa saba na nusu. Uongo." Aliipiga fremu yake. "Alikuwa na mimi. Kila siku ananingoja kwenye kona. Ananipandisha. Ananivua, ananiosha mgongo, ananivalisha. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nikasema nitakufa kwa aibu."

Glenys alimgeukia Semisi.

"Kila siku?"

"Anaimba vibaya bafuni," alisema Semisi. "Lakini haanguki, Mama Glenys. Siwezi kumwacha aanguke."

Hapo mwanamke yule alilia kwa sauti, aproni usoni, na hakuna aliyejua amkemee au ambembeleze. Ilipofika saa kumi na mbili kenge alipita mbele ya watoto na kichwa chake, na Quilty akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba familia ya namba kumi na nne haina kosa lolote na usimamizi unaomba radhi. Namba thelathini na moja, alisema baadaye kwa sauti ya chini, kesho saa nne iwe tupu. Kanuni ni kanuni.

Asubuhi, Ross hakuweza kuinama na Glenys hakuwahi kujifunza, kwa hiyo Semisi ndiye aliyekwenda kuifunga karavani ya akina Hallam nyuma ya gari. Noeline alimkuta amelala chini ya chuma cha kuvutia karavani, amejaa grisi. Alipiga magoti kwenye changarawe, akamshikia mnyororo.

"Semisi. Yale aliyoyasema Glenys jana. Kuhusu mimi."

"Vuta kidogo huku, Mama."

Alivuta. "Nataka kukueleza..."

"Turubai si ukuta," alisema Semisi kutoka chini. "Mkicheza karata kibarazani, mimi niko ndani namlaza Mele. Nimesikia miaka yote."

Noeline aliushikilia mnyororo.

"Na bado ukaendelea kuja?"

"Wewe ni bibi yake. Hukuwahi kusema mbele yake." Alikaza kiungo cha mnyororo, akajivuta nje, akaketi. "Na mimi hukuwahi kuniambia. Nikasema, siku atakayoniambia usoni, tutaongea."

Ndani ya gari Glenys alikuwa ameketi, macho mbele. Ross alikuwa anahangaika na mkanda wake.

"Jana nilidhani ni wewe," alisema Noeline. "Mpaka saa kumi na dakika arobaini nilidhani ni wewe, na sehemu yangu moja ilitaka iwe wewe."

Semisi aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Haya," alisema. "Sasa umeniambia."

Kisha akainuka, akaenda upande wa abiria, akamfungia Ross mkanda.